Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: msajili wa domeini akikuzingua, nani anamsimamia?

Haya ni maswali ambayo watu wenye domeini huuliza, mara nyingi wakiwa tayari wameshachelewa, websaiti imezimika na imeili hazifiki. Hapa tunaongelea zaidi domeini za aina ya .com, .net, .org na wenzake wa jumla. Za nchi zina utaratibu wake, tutazigusa huko chini.

Msajili ni nani, na yule aliyeniuzia ni nani?

Anza na hapa maana ukipachanganya utapoteza wiki nzima unamlalamikia mtu asiye sahihi. Juu kabisa kuna rejistri, yaani anayetunza daftari kuu la domeini zote za aina fulani, kwa mfano .com inatunzwa na Verisign. Chini yake kuna wasajili, kampuni zenye kibali cha ICANN (shirika linalowasimamia, tutalifikia hapo chini) cha kuandikisha majina kwenye daftari hilo. Halafu chini ya wasajili kuna mawakala, na hawa ndo wengi wetu tumenunua kwao bila kujua: kampuni ya hosting, mtu wa websaiti, duka fulani la onlaini. Wakala hana mkataba wowote na ICANN, ana mkataba na msajili tu. Kwa hiyo unaweza ukawa miaka mitano unamlipa mtu ambaye kwenye karatasi za usimamizi jina lake halipo kabisa.

Ukitaka kujua msajili wako halisi ingia lookup.icann.org, andika domeini yako, utaona jina lake hapo. Na wakala ukimuuliza anawajibika kukutajia msajili, hilo liko kwenye mkataba ambao msajili amesaini.

Nani anawasimamia wasajili?

ICANN, shirika lisilo la faida la Marekani lililoanzishwa 1998. Kabla ya 1999 ukitaka .com ulikuwa unaenda Network Solutions tu, hakukuwa na mwingine. Soko likafunguliwa, wasajili wakaongezeka mpaka leo vibali viko zaidi ya elfu mbili (ingawa vingi ni vya kampuni zilezile, wanachukua vibali kwa mamia ili wawahi kudaka majina yaliyoisha muda). Kinachowafunga wote ni mkataba wa msajili na ICANN, uliotoka kwanza 1999 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2001, 2009 na 2013.

Watu wengi wanadhani ICANN ni kama mamlaka ya serikali yenye askari na faini. Sio. Nguvu yake yote inatoka kwenye huo mkataba, basi.

Sasa kama mkataba upo, kwa nini usimamizi unaitwa dhaifu?

Sababu ya kwanza, na kwangu ndo kubwa kuliko zote: wewe haumo kwenye mkataba. Mkataba wa 2013 una kifungu kinachosema wazi kwamba ICANN na msajili hawawajibiki kupitia mkataba huo kwa mtu mwingine yeyote wa nje, na wamemtaja kabisa mwenye domeini. Yaani sheria zote zile nzuri, za kukupa msimbo wa kuhamishia (ile namba ya siri ya kuhamisha domeini kwenda kwa msajili mwingine) ndani ya siku 5, za kukutumia taarifa kabla domeini haijaisha, zimeandikwa kwa ajili yako lakini huwezi kusimama mahakamani ukasema "mkataba huu umevunjwa nilipwe". Anayeweza kuudai ni ICANN peke yake, na ICANN ikiamua kutulia, umekwama.

Ya pili ni hela. Mapato ya ICANN kwa sehemu kubwa yanatoka kwa rejistri na wasajili, kwa miaka mingi kila domeini ililipiwa senti 18 za dola kwa mwaka kupitia msajili. Sisemi watu wa pale wananunuliwa, sina ushahidi huo na siamini hivyo. Nasema mfumo ambao msimamizi anaishi kwa ada za anaowasimamia, na wao wanakaa mezani wakati wa kutunga masharti, utakuwa mzito kuchukua hatua, huo ni ukweli wa kawaida wa taasisi yoyote ile.

Ya tatu ni adhabu zenyewe. Mpaka 2009 ICANN ilikuwa na silaha moja tu ya maana, kufuta kibali. Sasa ukimfutia kibali msajili mwenye domeini laki kadhaa unawatikisa wateja wote laki kadhaa, kwa hiyo ilikuwa inasitasita, inaandika barua, inaandika nyingine, na msajili mbovu anajua kabisa kwamba inasita. Mkataba wa 2009 ndo ulileta kusimamisha kibali kwa muda na hatua za katikati.

Na ya nne, mlango wa kuingilia ni mpana. Maombi ya kibali ni dola 3,500, ada ya mwaka dola 4,000, na uonyeshe mtaji wa kufanyia kazi wa dola 70,000. Kwa kampuni inayoshika majina ya biashara, hospitali na mashule ya watu, hizo sio hela nyingi.

Hivi kuna mfano wa kweli au ni hofu tu?

RegisterFly. Huwezi kuongelea hii mada bila kuitaja. Ilianza kama wakala wa msajili mwingine, halafu ikapata kibali kwa kununua kampuni iliyokuwa nacho tayari, yaani ule uchunguzi wa mwombaji mpya ikauruka. Mwaka 2006 malalamiko yakawa mengi: watu wanalipia, hela inakatwa, lakini domeini hailipiwi kule juu kwa rejistri, inaisha muda inapotea. Wanaotaka kuhama hawapewi msimbo. Sapoti haijibu. Wamiliki wenyewe wakaanza kugombana mpaka mahakamani. ICANN ilitoa notisi rasmi ya kuvunja mkataba Februari 2007, ikafuta kibali Machi, na Mei domeini kama 850,000 zikahamishiwa GoDaddy.

Kinachouma zaidi ni hiki. Mkataba wa wakati ule ulikuwa tayari unasema msajili aweke nakala ya taarifa za wateja kwa mtu wa tatu, ili siku akianguka ijulikane nani ana domeini ipi. Kifungu kilikuwepo kwa miaka, hakikuwa kinatekelezwa. Kwa hiyo RegisterFly ilipoanguka taarifa zilibidi zitafutwe na kudaiwa, na waliokuwa wametumia huduma ya kuficha jina waliumia zaidi maana kwenye daftari la wazi jina lililokuwepo sio lao. Ni baada ya hapo, mwishoni mwa 2007, ndo ICANN ikaingia mkataba na Iron Mountain wa kutunza hizo nakala. Watu walipoteza majina yao kwa sababu ya kifungu kilichokuwa kimelala kwenye makaratasi.

Baada ya hapo mambo yalinyooka?

Yalikuwa nafuu, hayakunyooka. 2008 EstDomains ilifutiwa kibali baada ya kubainika kwamba rais wake alitiwa hatiani Estonia kwa makosa ya ulaghai wa kadi za benki, kughushi na kutakatisha fedha, domeini kama 281,000 zikaenda kwa Directi. 2019 Alpnames ya Gibraltar ilipotea hewani, websaiti yake haifunguki, na domeini zikahamishiwa CentralNic. 2021 ikawa zamu ya Net 4 India, kampuni iliyokuwa kwenye kesi ya ufilisi, wateja wanashindwa kulipia wala kuhama, na ICANN ilipotaka kuchukua hatua ikakutana na amri ya mahakama ya ufilisi ya India ya kuzuia kufuta kibali. Mwisho domeini zilihamishwa kwa msajili mwingine lakini kusubiri kule kwa mtu ambaye duka lake ni hiyo websaiti, ni miezi ya hasara ambayo hakuna anayeirudisha.

Tofauti na 2007 ni kwamba sasa nakala za taarifa zipo na utaratibu wa kuhamisha kwa pamoja upo. Kwa hiyo msajili akifa siku hizi domeini yako ina nafasi kubwa ya kupona. Anayekutesa zaidi ni msajili aliye hai ambaye hajibu.

Domeini ni mali yangu au nimekodi?

Mikataba mingi ya wasajili inasema umepewa haki ya kutumia kwa muda, mwaka 1 mpaka 10, ukilipa unaendelea. Lakini Marekani kuna kesi maarufu ya sex.com: mwaka 1995 mtu alipeleka barua ya kughushi kwa Network Solutions na wao wakaihamisha domeini bila hata kumuuliza mwenyewe, Gary Kremen. Alihangaika miaka mitano mpaka mahakama ikaamuru arudishiwe Novemba 2000, na 2003 mahakama ya rufaa ikasema domeini ni mali inayoweza kuporwa kama mali nyingine, na kwamba msajili anaweza kudaiwa. Network Solutions ikamalizana naye nje ya mahakama. Kwa hiyo kulingana na mahakama gani uko, unaweza kuwa na haki ya mali kabisa, ila angalia ni miaka mingapi na mawakili wangapi.

Msajili hataki kunipa msimbo wa kuhamishia. Ana haki?

Mara nyingi hana. Kanuni inasema kama hakuwekei mahali pa kuuchukua mwenyewe kwenye akaunti, basi akupe ndani ya siku 5 tangu uombe. Anaweza kukataa uhamisho kama kuna ushahidi wa ulaghai, kama kuna ubishi wa kweli kuhusu wewe ni nani, kama hujalipa kipindi kilichopita, kama domeini haijafikisha siku 60 tangu isajiliwe au ihamishwe. Amri ya mahakama au kesi ya UDRP (utaratibu wa mwenye alama ya biashara kudai domeini bila kwenda mahakamani) inayoendelea hapo lazima azuie. Na ukibadilisha jina la mwenye domeini kuna kufuli la siku 60 vilevile, hili limewakuta wengi sana: mtu anarekebisha jina lake kwa nia njema kabla ya kuhama halafu anajifungia mwenyewe miezi miwili. Hama kwanza, rekebisha baadaye.

Ambacho hakiruhusiwi ni kukuzuia kwa sababu hujalipia mwaka ujao, au eti unadaiwa hela ya hosting. Wakala wakipenda kitu ni hicho, "lipa kwanza deni la hosting ndo tukupe domeini". Hivyo ni vitu viwili tofauti, mwambie hivyo kwa maandishi na umtumie nakala msajili wake.

Domeini imeisha muda na sikupata imeili hata moja

Tangu Agosti 2013 msajili lazima akutumie taarifa angalau mbili kabla, moja karibu mwezi mmoja na nyingine karibu wiki moja, na moja tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Na haitoshi kuiweka ndani ya akaunti yako usubiri mpaka ulogin, lazima ikufikie. Tatizo imeili aliyonayo ni ile ya zamani, au mbaya zaidi ni imeili inayotumia hiyohiyo domeini iliyozimika.

Baada ya kuisha muda msajili anaweza kukaa nayo mpaka siku 45, ila hiyo 45 sio haki yako, ni nafasi yake, wengine wanaipeleka mnadani mapema kabisa na mkataba uliobofya "nakubali" unawaruhusu. Ikifutwa kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada ya juu, ada ambayo anatakiwa aiweke wazi kwenye websaiti yake, halafu siku 5 za mwisho ambazo huwezi kufanya lolote, halafu inaachiwa kwa yeyote. Kama uko ndani ya zile 30 acha kubishana na sapoti, lipa, komboa, malalamiko utafanya ukiwa nayo mkononi.

Nimelipa kila kitu na bado imezimwa ghafla

Angalia hali yake kule lookup. Ukiona clientHold, aliyeizima ni msajili. Ukiona serverHold ni rejistri. Sababu ya kawaida ni uthibitisho: mkataba wa 2013 unataka imeili au simu yako ithibitishwe ndani ya siku 15 baada ya kusajili au kubadilisha taarifa, usipobofya ile linki wanazima. Sababu nyingine ni ripoti ya utapeli au virusi. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 wasajili wanatakiwa kuchukua hatua wakipata ushahidi wa maana kwamba domeini inatumika kwa mambo hayo, na hiyo ni sheria nzuri, naiunga mkono kabisa. Ila kwa mtu ambaye websaiti yake imedukuliwa tu na yeye hana kosa, hakuna ngazi ya rufaa ambayo msajili analazimishwa kuwa nayo, unabaki kubembeleza sapoti.

Nimeletewa barua ya kulipia domeini na kampuni nisiyoijua

Usilipe. Ni mchezo wa zamani, wanachukua jina lako kwenye daftari wanakuandikia kitu kinachofanana na bili, ukilipa umehamisha domeini kwao kwa bei mara kadhaa. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliichukulia hatua Domain Registry of America mwaka 2003 kwa barua hizo. Msajili anayehusishwa na barua hizohizo, Brandon Gray, ICANN ilikuja kumsimamisha siku 90 Julai 2014. Hesabu mwenyewe hapo katikati ni miaka mingapi barua zinaendelea kuingia kwa watu.

Mtu wa websaiti alisajili kwa jina lake

Hapa nakwambia ukweli ambao hautaupenda: kwa macho ya ICANN na msajili, mwenye domeini ni aliyeandikwa. Hela yako, biashara yako, lakini jina ni lake. ICANN haitaingilia. Utabaki na kumwomba, au mahakama, au kama una alama ya biashara basi UDRP, na hiyo nayo inataka uonyeshe nia mbaya. Ukimwajiri mtu, fungua akaunti mwenyewe kwa msajili kisha umpe ruhusa ya kuingia. Na kile kipengele cha jina la kampuni usikiache wazi wala usiandike tu chochote, ukijaza jina la kampuni hapo basi kampuni hiyo ndo inahesabika kuwa mwenye domeini.

Imeibiwa, imehamishiwa kwa msajili mwingine. Nifanye nini?

Mpigie msajili wako wa zamani leo hii, sio kesho. Januari 2005 panix.com, domeini ya kampuni ya intaneti ya New York, ilihamishwa bila idhini kwenda kwa msajili mwingine, Melbourne IT, tena mwisho wa wiki wakati ofisi zimefungwa, wateja wakakosa imeili zao hivihivi. Baada ya visa kama hivyo ikaja namba ya dharura kati ya wasajili, ambapo msajili akiulizwa na mwenzake lazima ajibu ndani ya masaa 4. Lakini namba hiyo ni ya wao kwa wao, wewe huruhusiwi kuipiga. Ndo maana unahitaji msajili wa zamani akusimamie, na kama huyo ndo yule asiyejibu tiketi, umeona tatizo linavyozunguka.

Nikilalamika ICANN inakuwaje?

Kuna fomu kwenye websaiti yao. Wakiona jambo linagusa mkataba wanamwandikia msajili, kwanza kimyakimya, mara kadhaa, kila mara akipewa siku za kujibu. Akigoma wanatoa notisi rasmi ya kuvunja mkataba ambayo inawekwa hadharani, anapewa siku 21 kurekebisha, asiporekebisha anaweza kusimamishwa au kufutwa. Hiyo njia yote ni wiki nyingi. Lakini usidharau ile hatua ya mwanzo, msajili mzembe mara nyingi anaamka akiona imeili ya ICANN, msimbo uliokataliwa unatoka.

Andika malalamiko kwa lugha ya mkataba. Usiandike "hawa ni wezi hawajibu". Andika "niliomba msimbo wa kuhamishia tarehe fulani, siku 5 zimepita, sijapewa, skrinishoti hii hapa".

Watanirudishia hela?

Hapana. Hela, bei, hosting na ubovu wa sapoti ICANN haigusi. Ongea na benki yako au ofisi ya kulinda walaji ya nchi ulipo.

Na domeini za nchi?

Huko mkataba wa ICANN haufiki, kila nchi ina rejistri yake na masharti yake. Baadhi wamefanya vizuri kuliko .com kwa jambo moja: kwenye .de na .uk mwenye domeini ana mkataba wa moja kwa moja na rejistri. DENIC, rejistri ya .de ya Ujerumani, mtoa huduma akikutelekeza, yenyewe inaichukua domeini kwa muda na kukuandikia barua uchague utaipeleka wapi.

Kwa hiyo unataka kibadilishwe nini?

Hichohicho cha hapo juu. Mwenye domeini aingizwe kwenye mkataba kama mtu mwenye haki, au rejistri za jumla ziwe na mlango wa kumpokea msajili akigoma. ICANN ianze kuchapisha malalamiko kwa jina la msajili tangu hatua za mwanzo, sio mpaka ifike notisi rasmi, ili mtu anayechagua msajili aone kabla hajalipa. Na huo uchunguzi wa nani ananunua kampuni yenye kibali uwe mkali kama wa mwombaji mpya.

Na mimi leo nifanye nini?

Ingia lookup uone msajili na tarehe ya kuisha. Hakikisha imeili ya akaunti haitumii domeini hiyohiyo. Washa kufuli la uhamisho na uthibitisho wa hatua mbili. Hifadhi risiti zote nje ya imeili hiyo, pamoja na skrinishoti ya akaunti inayoonyesha jina lako, hasa kama unatumia huduma ya kuficha jina, maana kwenye daftari la wazi huonekani. Kama ni domeini ya kazi lipia miaka kadhaa mbele, na ukishalipa rudi lookup uangalie kama tarehe imesogea kweli. Isiposogea ndani ya siku moja au mbili, andika tiketi, na siku hiyohiyo omba msimbo wa kuhamishia.